Pasolini: Msanii asiye na dini aliyeifunga Injili yake kwa sauti za Kamina

Anayesimama ufukweni Nchelenge jua linapotua huwa anaitazama Kongo. Ng'ambo ya Ziwa Mweru ipo Kilwa ya Katanga, na mbali zaidi, upande wa magharibi, upo Kamina, mji wa reli katika nchi ya Waluba. Huko ndiko zilikotoka sauti zinazosikika katika filamu ambayo wapenzi wa sinema hawajaacha kuibishania tangu mwaka 1964: Injili kwa mujibu wa Mathayo, kazi ya Mwitalia Pier Paolo Pasolini.

Pasolini alizaliwa mjini Bologna tarehe 5 Machi 1922. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Mama yake, Susanna, alikuwa mwalimu kutoka Casarsa, katika jimbo la Friuli, ambako wakulima walizungumza Kifriuli. Utawala wa Mussolini ulitaka taifa moja lenye lugha moja, na haukufurahia kuona lugha za vijijini zikiandikwa. Kijana huyo alijifunza lugha ya wakulima wale, na mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 20, akachapisha diwani yake ya kwanza kwa lugha hiyo. Msikilizaji anayetumia Kiswahili nyumbani na sokoni, kisha lugha nyingine mbele ya meza ya karani, hahitaji kuelezwa uzito wa kitendo hicho.

Vita vilimnyang'anya mdogo wake, Guido, aliyeuawa Februari 1945 na wapiganaji wa Kikomunisti, ingawa naye alikuwa akipigana dhidi ya ufashisti. Hata hivyo Pasolini alijiunga na chama cha Kikomunisti. Mwaka 1949 alishitakiwa kwa vitendo vya aibu na vijana wa kiume. Chama kikamfukuza na kazi ya ualimu ikapotea, ijapokuwa baadaye mahakama ya rufaa ilimwachia huru. Januari 1950 alihamia Roma pamoja na mama yake, wakaishi kwa dhiki katika vitongoji vya maskini. Vitongoji hivyo vilimpa riwaya yake ya mwaka 1955, iliyomfikisha tena mahakamani, na filamu yake ya kwanza, Accattone, ya mwaka 1961. Mwaka 1963 alihukumiwa kifungo cha nje kwa kuikashifu dini katika filamu fupi.

Mtu huyo ndiye aliyeamua kuipiga picha Injili. Alikuwa ameisoma Assisi mwaka 1962, siku ambayo ziara ya Papa Yohane XXIII ilikuwa imeujaza mji watu, naye akabaki chumbani na kitabu. Alichagua picha za rangi nyeusi na nyeupe, na mazungumzo yaliyotoka kwa Mathayo peke yake. Mji wa Matera, kusini mwa Italia, ukawa Yerusalemu. Yesu aliigizwa na mwanafunzi wa Kihispania, Enrique Irazoqui, ambaye hakuwa mwigizaji. Maria wa uzeeni aliigizwa na Susanna mwenyewe.

Ubishi ulianza Venice, filamu ilipooneshwa kwa mara ya kwanza. Wafuasi wa mrengo wa kulia walizomea. Majaji wakaipa tuzo yao maalumu, na shirika la Kikatoliki la filamu nalo likaitunuku. Mjini Paris ni wasomi wa mrengo wa kushoto walionung'unika kwamba Mkomunisti amewapigia magoti mapadri. Hadi leo wapo wanaoiona filamu hiyo nzito na Yesu wake mwenye hasira kupita kiasi. Wengine husema, na mwandishi wa makala haya yuko upande wao, kwamba nyuso zile za wakulima, zisizopambwa, ndizo zinazoifanya iaminike. Mwaka 2014 gazeti la Vatican liliisifu kuwa pengine ndiyo filamu bora kuhusu Yesu.

Lakini jambo linalosahaulika katika ubishi huo ni muziki. Sambamba na Bach, Pasolini alitumia Utukufu wa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Kiluba na kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, na kurekodiwa mwaka 1958. Kaburi linapofunguka, kinachosikika ni ngoma na koo za Katanga.

Miaka michache baadaye alikuja Afrika ya Mashariki. Kati ya 1968 na 1969 alipiga picha Uganda na Tanzania, pamoja na soko la Kigoma, akitafuta nyuso za tamthilia ya kale ya Kigiriki, Oresteia. Aliwaonesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma. Baadhi yao walimpinga waziwazi: Afrika si kitu kimoja, na si haki kuifananisha na Ugiriki ya kale. Pasolini aliuacha ubishi huo ndani ya filamu yenyewe. Si waongozaji wengi ambao wangefanya hivyo.

Aliuawa Ostia, karibu na Roma, usiku wa kuamkia 2 Novemba 1975. Kijana wa miaka 17 alihukumiwa, lakini mwaka 2005 aliyakana maungamo yake, na maswali yangalipo. Pasolini alizikwa Casarsa. Susanna alifariki mwaka 1981, akazikwa kando ya mwanawe.