Stanley: Alivuka Afrika kwa miguu, kisha ikabidi ajifunze upya kusimama

Ukipanda daladala Mwanga kwenda Ujiji, unaelekea pale Henry Morton Stanley alipomkuta Dk. David Livingstone mwezi Novemba 1871. Stori hiyo kila mwanafunzi wa Kigoma anaijua. Isiyosimuliwa sana ni ya mwaka wake wa mwisho, alipopigwa na kiharusi.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands. Akiwa bado mdogo alipelekwa kulelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Kijana huyo akavuka bahari hadi Marekani, akabadili jina, na mwishowe akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Gazeti hilo ndilo lililomtuma kumtafuta Livingstone.

Mwaka 1876 alirudi Ujiji, akalizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua yake, Lady Alice, kwa siku 51. Kisha akaufuata mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Mizigo hakuibeba yeye. Waliibeba wapagazi kutoka Zanzibar na bara, na wengi wao hawakurudi makwao. Baadaye akamtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na kazi hiyo ikafungua njia ya mateso makubwa kwa watu wa Kongo.

Aprili 1903

Akiwa na miaka 62, kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukapooza na maneno yakawa hayatoki vizuri. Mtu aliyetembea maelfu ya kilomita akawa hawezi hata kujigeuza kitandani. Mkewe, Dorothy, ndiye aliyemuuguza.

Ubongo huongoza mwili kinyume: upande wa kulia husimamia mkono na mguu wa kushoto. Damu ikikatika, iwe kwa mshipa kuziba au kupasuka, sehemu ile hufa ndani ya muda mfupi, na seli zilizokufa hazifufuki.

Lakini taratibu Stanley akaanza kuongea tena. Baada ya miezi kadhaa akaweza kusimama, japo alichoka haraka.

Iliwezekanaje?

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini ubongo wa mtu mzima haubadiliki. Leo inajulikana kwamba hubadilika. Uvimbe ukipungua, baadhi ya sehemu zilizokuwa zimezubaa huamka. Kisha sehemu nzima za jirani, wakati mwingine hata za upande wa pili, huanza kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Ni kama barabara ikikatika kwa mvua: watu hutafuta njia ya mchepuko, na kadiri inavyopitwa ndivyo inavyokuwa barabara kamili.

Ndio maana mazoezi ni ya kurudia-rudia: kushika kikombe, kuinuka kwenye kiti, kutamka jina. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka zaidi, ila hata baadaye mgonjwa anaweza kuendelea kupata nafuu. Mgonjwa anayefanyiwa kila kitu na ndugu zake anaukosesha ubongo wake hiyo nafasi.

Mwisho wake

Stanley hakupona kabisa. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904, akiwa na miaka 63, na akazikwa Pirbright. Zama zake hakukuwa na mashine ya kupiga picha ubongo wala dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Sasa vipo, ila dawa hiyo hutolewa ndani ya saa chache tu tangu dalili zianze, kwa kawaida zisizidi saa nne na nusu. Ukiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono hauinuki au maneno yanakorogeka, usisubiri kuambiwa karogwa au kapigwa na upepo. Mkimbize hospitali. Na presha yako, ulipima lini mara ya mwisho?