Semboja, Mfanyabiashara wa Mazinde

Kila unapokaribia uchaguzi hakosekani mgombea mwenye biashara zake anayeahidi kwamba akipewa dola ataiendesha kama aendeshavyo duka: matumizi yatapunguzwa, watumishi watapunguzwa, na mwananchi hatatozwa sana. Si ahadi ya kubezwa, kwani fedha za umma hutumiwa vibaya na sote twajua. Lakini si mpya. Katika nchi ya Korogwe aliwahi kutokea mtawala wa namna hiyo, naye ni Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai.

Masimulizi yasema kwamba utawala wa Wakilindi ulianzishwa na Mbega, mwindaji aliyetoka Kilindi katika nchi ya Nguu, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002. Mbega aliwapa Washambaa nyama, nao wakampa utawala. Mapatano hayo yaliendelea vizazi kadhaa. Ng'ombe na mazao yalipanda Vuga kuwa ada ya mfalme, na mfalme alipaswa kuleta mvua, kuamua kesi na kuwalisha wenye njaa. Sehemu ya ada hiyo iliishia vinywani mwa wakubwa, wala hatuitetei. Hata hivyo mkulima alijua anadai nini.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na kiti akakirithi mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja hakuridhika. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara itokayo Pangani kupitia Korogwe kwenda Kilimanjaro. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, baruti na bunduki zikapanda bara. Kila msafara uliopita ulimpa hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa njia, wala si neno la aibu kama lilivyo leo. Kwa mali hiyo, na kwa msaada wa Wazigua, Wataita na Wamasai, alimwondoa Shekulwavu katika Vuga mnamo mwaka 1868 au 1869.

Ajabu yake ni kwamba baada ya ushindi hakupanda kukaa Vuga. Kiti alimpa mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde na misafara yake. Nguvu zake hazikutegemea tena ng'ombe wa mkulima.

Mtu angedhani mkulima alipata nafuu. Hakupata. Mtawala asiyehitaji ada ya raia hakuwa na sababu kubwa ya kumlinda, na raia mwenyewe akageuka kuwa bidhaa. Mateka walinunua bunduki, bunduki zikaleta mateka wengine. Wabondei walikuwa wameasi katika vita viitwavyo Kiva, wakawafukuza Wakilindi nchini mwao. Washambaa waliiita enzi hiyo Pato, neno ambalo kwao lina maana ya unyang'anyi, na kwetu sisi ni faida.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri kutoka pwani ya Pangani kwenda mashamba ya karafuu ya Pemba. Faida ya Mazinde ilihesabiwa pande zote mbili za bahari. Na aliyetuandikia mengi ya mambo ya ukoo huu, Abdallah bin Hemedi, alikuwa mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja mwenyewe kabla ya kuwa Liwali wa Tanga.

Wajerumani walipofika, Semboja hakuwa na nchi ya kusimama nyuma yake. Alikuwa na wateja. Akakubali bendera yao. Alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga. Kiti wakampa Kinyashi, mwana wa Shekulwavu.