Al-Khwarizmi: Kutoka Hesabu ya Mirathi Hadi Darasa la Kompyuta

Mzazi akiambiwa mwanawe amepata nafasi ya kusomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, mara nyingi hudhani kijana anakwenda kujifunza kutengeneza mashine. Kumbe mwaka wa kwanza tu atakutana na neno algorithimu, na neno hilo limetokana na jina la Muislamu aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kompyuta ya kwanza.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu mwaka 780. Nisba yake ni ya Khwarazm, nchi ya Asia ya Kati, kusini mwa bahari ya Aral. Kazi yake aliifanyia Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Huko, katika Baytul Hikma, wanazuoni walifasiri vitabu vya kigeni, wakachunguza nyota na kupima ardhi. Al-Khwarizmi aliandika juu ya falaki, jiografia na hesabu.

Kitabu kilichomjulisha zaidi ni kile cha al-jabr, ndipo likatoka jina la aljebra. Alikiandikia watu wenye haja za kila siku: biashara, kupima mashamba, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa yake ni maswali ya wasia na mirathi. Sisi wa Pwani tunaopeleka mirathi kwa Kadhi twalijua zito hilo. Mjane ana thumuni yake, mama ana sudusi yake. Hesabu ikikosewa, haki ya mtu imeliwa.

Kwa hivyo alitaka njia ambayo yeyote akiifuata atafika jibu lile lile. Tazama swali lake mashuhuri: namba ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikaongezwa namba hiyo mara 10, jumla ni 39. Ni namba gani? Chukua nusu ya 10, yaani 5. Izidishe kwa yenyewe, upate 25. Ongeza 39, upate 64. Tafuta kipeuo chake cha pili, 8. Toa 5. Jibu ni 3. Alieleza yote kwa maneno matupu, bila alama tulizozoea shuleni. Wala hakutosheka na kutoa kanuni: alichora miraba kuthibitisha kwa nini kanuni ile ni sahihi.

Aliandika pia juu ya tarakimu za Wahindi, pamoja na sifuri, bila kuona aibu kujifunza kwa watu wasiokuwa wa dini yake. Alifariki karibu mwaka 850. Katika karne ya 12 vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kilatini; kile cha aljebra kilifasiriwa na Robert wa Chester mwaka 1145. Walatini wakalitamka jina lake Algoritmi. Neno hilo kwanza lilitumika kwa hesabu za tarakimu zile, na baadaye sana kwa kila mpangilio wa hatua unaofikisha kwenye jibu.

Na hilo ndilo somo lenyewe chuoni. Lugha za programu ni njia za kuziandika hatua, mifumo ya kompyuta ni ya kuzitekeleza, na nadharia huuliza: je, hatua hizi ni sahihi, na zitachukua muda gani? Kijana aliyekariri programu bila kujua kuthibitisha hukwama hapo.

Basi tusitosheke kujivunia jina. Fahari ya mababu haimfaulishi mtu mtihani. Mtoto anayepiga hesabu za mirathi madrasa, akaulizwa kwa nini jibu liwe hivyo, tayari ameanza somo hili. Tusimwambie kwamba hesabu si zake, wala kwamba kompyuta ni elimu ya wengine.