Gaius Marius: Jemadari aliyehusishwa na siri ya mkuki wa Roma

GAIUS Marius, aliyeshika wadhifa wa konsuli mara saba, anakumbukwa na wengi kwa vita na uhasama wa kisiasa. Kwa wataalamu wanaounda upya silaha za kale, hata hivyo, jina lake limefungamana na kijiti kidogo cha mti.

Marius alizaliwa karibu na mji wa Arpinum, Italia, yapata mwaka wa 157 K.K. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuwa konsuli, na makabaila wa Roma hawakukoma kumdharau kwa sababu hiyo.

Alipata sifa za awali vitani huko Numantia, Uhispania, mji uliotekwa mwaka wa 133 K.K.

Alipokuwa konsuli mwaka wa 107 K.K., aliwaandikisha jeshini maskini wasio na mali, kisha akavuka bahari hadi Numidia, Afrika Kaskazini, kupigana na Mfalme Jugurtha.

Mwaka wa 105 K.K., majeshi ya Roma yaliangamizwa na Wacimbri huko Arausio. Kwa hofu, raia walimchagua Marius konsuli miaka mitano mfululizo, kinyume cha desturi. Aliwashinda Wateutoni mwaka wa 102 K.K. na Wacimbri mwaka uliofuata, huko Vercellae.

Mwandishi Plutarch, aliyeishi karibu miaka 200 baadaye, anaeleza kwamba kabla ya vita vya Vercellae Marius aliubadili mkuki wa kurusha ulioitwa pilum. Chuma chake kirefu kilikazwa kwenye mpini kwa misumari miwili. Marius aliondoa mmoja na kutia kijiti cha mti. Mkuki ulipoigonga ngao, kijiti kilivunjika, mpini ukaning'inia na kuburura chini. Adui hakuweza kuurudisha mkuki wala kuitumia ngao yake vyema.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Mti huoza, na kijiti cha aina hiyo hakijapatikana. Mikuki iliyofukuliwa Oberaden, Ujerumani, katika kambi iliyojengwa mwaka wa 11 K.K., ina misumari ya chuma. Basi kama Marius aliyafanya mabadiliko hayo, hayakudumu.

Majaribio ya mikuki iliyoundwa upya nayo yameonyesha kwamba nguvu zake hasa zilikuwa katika kupenya. Ncha ilitoboa mbao, na chuma chembamba kikaifuata hadi kumfikia aliyejikinga. Kupinda kulitokea mara nyingine tu. Julius Caesar, ambaye shangazi yake Julia aliolewa na Marius, alisimulia jinsi chuma kilivyopinda katika ngao za Wahelvetii mwaka wa 58 K.K. Hakutaja kijiti.

Uzee wa Marius ulijaa damu. Mwaka wa 88 K.K. aligombana na Sulla, aliyekuwa afisa wake Numidia, kuhusu uongozi wa vita vya mashariki. Sulla aliliongoza jeshi hadi ndani ya Roma, naye Marius akatorokea Afrika. Alirejea mwaka wa 87 K.K., na wapinzani wake wengi wakauawa.

Alifariki Januari mwaka wa 86 K.K., siku chache baada ya kuanza muhula wake wa saba. Aliacha nyuma askari waliozoea kumtegemea jemadari wao kuliko dola, na hilo lilichangia kuanguka kwa jamhuri ya Roma.