Walter Kaaden, fundi aliyeusikiliza moshi wa injini

Kila mwaka, kuanzia Disemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wazaliane. Kwa mafundi wa Chienge na Nchelenge huo ndio wakati wa kufungua silinda bila mwenye boti kuwasimamia kichwani. Juu ya meza moja huweza kukutana injini ya boti na msumeno wa mnyororo uliotoka msituni, na kwa fundi hivyo viwili ni ndugu: vyote huendeshwa na injini ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, isiyo na vali kichwani. Hewa huingia na moshi hutoka kupitia matundu yaliyotobolewa katika ukuta wa silinda, na anayeyafungua na kuyafunga ni pistoni yenyewe inapopanda na kushuka.

Mtu aliyeifundisha dunia ni kiasi gani cha nguvu kilichojificha katika matundu hayo alikuwa Mjerumani aliyeitwa Walter Kaaden. Jina lake hutajwa zaidi na wapenzi wa mbio za pikipiki kuliko na mafundi wa misumeno, ingawa pengine wa pili ndio wanaomhitaji zaidi.

Kaaden alizaliwa tarehe 1 Septemba 1919 katika kijiji cha Pobershau, jimbo la Saxony, si mbali na mji wa Zschopau uliokuwa na kiwanda cha pikipiki cha DKW. Baba yake alikuwa dereva wa mkuu wa mauzo wa kiwanda hicho. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa kushuhudia kufunguliwa kwa uwanja wa mbio wa Nürburgring mwaka 1927, na tangu hapo hamu ya mashine haikumtoka. Alisomea ufundi mjini Chemnitz, kisha mwaka 1940 akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Henschel, chini ya Herbert Wagner, aliyekuwa akiunda bomu la kuruka lililoongozwa kwa redio. Kazi hiyo ilimfikisha Peenemünde, kituo cha silaha ambako wafungwa wa kambi za mateso pia walitumikishwa. Wanaomsifu Kaaden hupenda kuipita haraka sehemu hii ya maisha yake.

Vita vilipokwisha alishikiliwa na Wamarekani kwa muda, kisha akarejea Zschopau, sasa chini ya mamlaka ya Wasovieti. Miji ilikuwa imevunjwa kwa mabomu. Kaaden akafungua biashara ya mbao, akiunda mapaa ya nyumba zilizokuwa zikijengwa upya. Jioni alijitengenezea pikipiki ya mashindano kutokana na DKW RT 125, mashine ndogo ambayo muundo wake ulichukuliwa na washindi wa vita na kuigwa katika nchi kadhaa. Hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata umbo hilohilo.

Mwaka 1953 kiwanda cha Zschopau, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la MZ, kilimwita aongoze idara yake ya mashindano. Fedha zilikuwa haba na vyuma bora havikupatikana kwa urahisi. Kaaden hakuanzia patupu: fundi wa nchini humo, Daniel Zimmermann, alikwisha kutumia sahani yenye kuzunguka kufungua na kufunga mlango wa hewa, na Mjerumani mwingine, Erich Wolf, alikuwa amejaribu bomba la moshi lenye tumbo pana. Kipawa cha Kaaden kilikuwa kuyaunganisha mambo hayo na kuyapima. Aliuchunguza mtikisiko wa moshi ndani ya bomba kwa osiloskopu, chombo kinachouchora mtetemo kwa mstari wa mwanga.

Alichokiona ni hiki. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi hutoka kwa kishindo na kukimbia ndani ya bomba. Bomba likipanuka, wimbi hurudisha mvuto unaosaidia kuisafisha silinda. Likisinyaa tena mwishoni, wimbi hugonga na kurudi, likiusukuma ndani mchanganyiko mpya uliokuwa umeanza kuponyoka na moshi. Wimbi hilo halisubiri mtu. Likirudi mapema au likichelewa, nguvu hupotea. Kwa hiyo wakati wa kufunguka kwa kila tundu lazima ulingane na urefu wa bomba na kasi ya injini. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna injini iliyokuwa imekifikia bila pampu ya kushindilia hewa.

Msumeno wa mnyororo hauna nafasi ya bomba refu kama hilo, na fundi wa Chienge hana osiloskopu. Lakini njia ya kupima ni ileile. Huchomeka waya laini wa lehemu kupitia tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda, akaizungusha injini taratibu kwa mkono mpaka pistoni ipite kilele, kisha akaupima kwa kalipa waya uliobanwa. Unene huo ndio mwanya kati ya ukingo wa pistoni na paa la silinda. Ukiwa mpana, mchanganyiko wa pembeni huungua ovyo au hauungui kabisa; ukiwa karibu nusu milimita, hewa hubanwa kwa nguvu kuelekea katikati kwenye cheche na moto huenea upesi. Chini sana ya hapo ni hatari, kwa kuwa injini ikishika kasi chuma hutanuka na kuvutika, na pistoni yaweza kugonga paa.

Hapo wengi hukosea. Huondoa gasketi ya chini ili silinda ishuke na mwanya upungue, wakasahau kwamba matundu yote yameshuka pamoja nayo. Ndiyo maana sahani yenye nyuzi 360 hufungwa kwenye krankishafti. Katika misumeno mingi ya kazi tundu la moshi hufunguka karibu nyuzi 100 baada ya kilele, na matundu ya kupitishia mchanganyiko karibu nyuzi 120. Nyuzi 20 za katikati ni muda wa moshi kutoka kabla mgeni hajaingia. Tundu la moshi likipandishwa kwa tupa, msumeno hupiga kelele kwa kasi lakini huweza kukosa nguvu katika gogo nene. Nyama ya silinda iliyokwisha kukwanguliwa hairudishwi.

Sifa ya Kaaden iliwavuta waendeshaji hata kutoka Afrika. Gary Hocking, aliyekulia Rhodesia ya Kusini, aliipa MZ ushindi katika mbio za Sweden na Ulster mwaka 1959. Lakini tegemeo la timu lilikuwa Ernst Degner, Mjerumani Mashariki aliyekuwa mwendeshaji na fundi kwa pamoja.

Mnamo Septemba 1961, mwezi mmoja baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, Degner alikwenda Kristianstad, Sweden, akiongoza mashindano ya ubingwa wa dunia. Injini yake ilikufa mbioni. Hakurudi nyumbani. Mkewe na watoto walikwisha kuvushwa kwenda Magharibi wakiwa wamefichwa ndani ya gari, na yeye akaenda Japani kwa Suzuki na siri za Zschopau. Ubingwa ulimwendea Tom Phillis wa Honda kwa tofauti ya pointi mbili. Mwaka uliofuata Degner aliipa Suzuki ubingwa wa dunia wa pikipiki za ujazo wa 50, na mwaka 1964 Yamaha nayo ikatwaa ule wa 250 kwa injini ya mipigo miwili. Ni kampuni hizohizo mbili zinazouza injini za boti katika maziwa ya Afrika.

Kaaden alibaki. Mwaka 1963 alimwona Mike Hailwood akishinda kwa MZ mbele ya umati wa Sachsenring, nyumbani kabisa, na akaendelea na timu hadi katikati ya miaka ya 1970, huku Wajapani wakitumia fedha ambazo yeye hakuwahi kupewa. Ubingwa wa dunia hakuupata kamwe. Degner alifariki mwaka 1983. Kona ya uwanja wa Suzuka, Japani, alikopata ajali mwaka 1962, inaitwa kwa jina lake hadi leo. Kaaden alifariki tarehe 3 Machi 1996, akiwa na umri wa miaka 76.