George Wittet: Msanifu wa Lango la India na Rais wa Kwanza wa Chama cha Wasanifu

Katika toleo hili la maadhimisho, ambamo majina ya waliolijenga na wanaolitunza hekalu letu yanatajwa kwa shukrani, tumeona vyema kumkumbuka pia msanifu mmoja wa majengo aliyefariki mwaka 1926. Hakuwa Mhindu, wala hakuzaliwa Bara Hindi. Hata hivyo, wazee wetu wengi waliosafiri kwa meli kati ya Bombay na bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam waliiona kazi ya mikono yake kabla ya kuuacha mji ule. Jina lake ni George Wittet, na kazi yake ijulikanayo kuliko zote ni Lango la India, lile tao kubwa la mawe linaloitazama bahari.

Lango hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba Wittet aliacha jengo jingine lisiloonekana kwa macho, ambalo hakulipwa ujira kwa kulijenga: chama cha wasanifu majengo, ambacho mpaka leo kinaendeshwa kwa jitihada za wanachama wake. Habari za chama hicho ndizo hasa zilizotusukuma kuandika.

Wittet alizaliwa mwaka 1878 huko Blair Atholl, katika nchi ya Uskoti. Alijifunza kazi katika mji wa Perth, kisha akafanya kazi Edinburgh na York. Mwaka 1904 alivuka bahari na kufika Bombay, akawa msaidizi wa John Begg, msanifu mshauri wa serikali. Baadaye yeye mwenyewe alishika cheo hicho, na majengo makubwa ya umma katika mji ule yakaanza kupita mezani kwake.

Kijana huyo wa Kiskoti angeweza kuchora majengo ya kwao na kuyapandikiza katika nchi ya watu. Mara nyingine alifanya hivyo, kama inavyoonekana katika mtaa wa Ballard Estate karibu na gati, ambao sura yake ni ya Kizungu. Lakini katika kazi zake kubwa zaidi alikubali kuwa mwanafunzi wa mafundi wa kale wa Bara Hindi. Mwaka 1909 alishinda shindano la kusanifu Jumba la Makumbusho la Prince of Wales, ambalo leo lina jina la Chhatrapati Shivaji Maharaj. Kuba lake alilichora kwa kuufuata mfano wa Gol Gumbaz, kaburi maarufu la kifalme huko Bijapur. Mawe yake yalichimbwa karibu na mji. Jengo lilikamilika mwaka 1914, vita vya dunia vikaanza, na jumba lililokusudiwa kwa sanamu na picha likatumika kwanza kuwahudumia wagonjwa. Wananchi walifunguliwa milango yake kama makumbusho mwaka 1922.

Lango la India nalo lina kisa chake. Mfalme George wa Tano alipotua Bombay mwezi Desemba 1911, lango halikuwapo. Alipokewa kwa mfano uliotengenezwa kwa karatasi ngumu. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1913, na ramani ya Wittet ikaidhinishwa mwaka uliofuata. Kabla ya kujenga ilibidi kujaza kifusi baharini na kusimamisha ukuta wa kuzuia mawimbi, kazi iliyochukua miaka kadhaa. Umbo la lango alilitoa katika majengo ya Gujarat ya karne ya 16, na kwa hiyo wasomaji wetu wenye asili ya Gujarat watazitambua upesi nakshi za mawe yaliyotobolewa mfano wa kimia, zile ziitwazo jali. Lango lilifunguliwa tarehe 4 Desemba 1924, likiwa na kimo cha mita 26. Fedha za kujenga barabara ya kulielekea hazikupatikana, ndiyo maana mpaka leo barabara inalifikia kwa upande. Tarehe 28 Februari 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini ya tao hilo kwenda melini. Lango lililojengwa kumtukuza mfalme likawa mlango wa kuuagia utawala wake.

Sasa tuufikie mwaka 1917. Vita vilikuwa havijaisha, na Wittet alikuwa na cheo cha juu na kazi tele. Mjini Bombay palikuwa na shule ya sanaa iitwayo Sir J. J., iliyoanzishwa mwaka 1857 kwa sadaka ya mfanyabiashara wa Kiparsi, Jamsetjee Jeejeebhoy. Shule hiyo ilikuwa ikitoa vijana waliojifunza usanifu, lakini vyeo vikubwa vya fani hiyo serikalini vilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kijana aliyehitimu aliweza kuwa hodari wa kuchora, na bado akakosa mahali pa kusimama na kuhesabiwa kuwa mtaalamu.

Tarehe 12 Mei mwaka huo, wahitimu wa shule hiyo walianzisha chama chao. Idadi yao ilikuwa tisa tu, na kwa unyenyekevu walikiita chama cha wanafunzi wa usanifu majengo. Wittet akakubali kuwa rais wao wa kwanza. Tunaomba msomaji alipime jambo hilo. Mtu aliyekuwa akisimamia majengo ya serikali ya jimbo zima aliketi pamoja na watu tisa, katika chama kisicho na historia wala nguvu, akakikopesha jina lake.

Huenda jirani yetu akauliza chama cha namna hiyo kina kazi gani. Msanifu hushika fedha na usalama wa watu wengine. Akikosea hesabu ya nguzo, wanaoumia ni watakaolala chini ya paa. Akipokea bahasha ya mkandarasi kwa siri, anayeibiwa ni mwenye nyumba. Hivyo lazima pawepo kanuni za maadili, na watu wa kuzilinda. Lazima pia pawepo utaratibu wa haki katika mashindano ya ramani, wazee wa kuwaongoza chipukizi, na sauti moja ya kuzungumza na serikali. Mengi ya hayo hufanywa na wasanifu wenyewe katika kamati, jioni, baada ya kazi zao za mchana, bila malipo.

Chama cha watu tisa kilikua. Mwaka 1922 kiliitwa Chama cha Usanifu Majengo cha Bombay. Mwaka 1925 kikaungana na Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza. Na mwaka 1929 kikachukua jina kilicho nalo hadi leo, Taasisi ya Wasanifu Majengo ya India. India huru ilipotunga Sheria ya Wasanifu Majengo ya mwaka 1972, ikalinda cheo cha msanifu na kuunda baraza la kusimamia taaluma, sheria hiyo iliipa taasisi haki ya kuchagua wajumbe watano wa baraza. Kwetu Afrika Mashariki, wasanifu wa Kenya walianzisha chama chao mwaka 1967.

Wittet hakuyaona hayo. Mwaka 1919 aliacha utumishi wa serikali akajiunga na kampuni ya Tata, na mwaka 1926, kabla hajafikisha miaka hamsini, alifariki mjini Bombay. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya Sewri. Mwaka huo huo hospitali ya King Edward Memorial, aliyoichora yeye, ilianza kupokea wagonjwa, na ingali inawatibu.

Sisi tunaojua maana ya seva hatuhitaji kuelezwa sana. Miongoni mwa wanajumuiya na majirani zetu wamo wasanifu ambao jioni huketi katika kamati za chama chao, wakisoma malalamiko ya mteja asiyewajua au wakisahihisha kazi za vijana wasio wao. Majina yao hayaandikwi juu ya jiwe la msingi. Tunawaomba wasomaji wawatafute, wawaulize habari za kazi hiyo, na wawapeleke kwao watoto wanaopenda kuchora. Nao vijana wetu wanaosomea fani hii tunawaombea wajenge vyema, na wakiitwa katika kikao cha watu tisa, waitike.