Maisha ya Daktari Richard Cabot, Aliyetaka Wema Upimwe

Kila mwaka kitabu hiki cha taarifa huwapa wanachama hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na idadi ya watoto waliolipiwa karo, wajane waliosaidiwa na wagonjwa waliopelekwa hospitali. Hesabu hizo ni za lazima, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Lakini liko swali jingine ambalo daftari la fedha haliwezi kulijibu: je, yule aliyesaidiwa amekuwaje baadaye, na je, angalikuwa vivyo hivyo hata kama asingalisaidiwa? Wazee wetu watapenda kujua kwamba alikuwapo mtu aliyelishika swali hilo kwa miaka mingi, akaacha kazi ambayo wataalamu wanaisoma mpaka leo. Huyo ni Daktari Richard Clarke Cabot wa Marekani, na maisha yake tunayaeleza hapa kwa ufupi.

Daktari Cabot alizaliwa tarehe 21 Mei, 1868, huko Brookline, karibu na mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts. Jamaa zake walikuwa watu wenye mali na elimu. Baba yake, James Elliot Cabot, alikuwa mtu wa falsafa, rafiki wa mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson, naye ndiye aliyeandika habari za maisha ya mwandishi huyo baada ya kufa kwake. Kijana Richard alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza masomo yake ya kwanza mwaka 1889, kisha akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1892. Mwaka 1894 alimwoa Ella Lyman, mwanamke msomi aliyefundisha na kuandika vitabu juu ya maadili na malezi ya watoto. Hawakujaliwa kupata watoto wao wenyewe.

Mtu wa namna hiyo angaliweza kuwatibu matajiri wa Boston na kuishi kwa raha. Yeye alichagua kuwahudumia wagonjwa wa nje katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, ambako kila siku walifika maskini, wageni kutoka nchi za mbali na watu wasio na kazi. Alimwandikia mmoja dawa, mwingine akamwambia apumzike, wa tatu akamshauri ale chakula bora na alale penye hewa safi. Kisha akaona kwamba maneno yake mengi yalikuwa ya bure. Mama mwenye watoto wanne na mume asiye na kazi hawezi kupumzika kwa sababu daktari amesema hivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayelala chumba kimoja na watu sita hana mahali pa kuipata hewa safi. Daktari aliandika cheti, mgonjwa akaenda zake, na hakuna aliyejua yaliyotokea baadaye.

Kabla ya hapo Daktari Cabot alikuwa amewahi kuhudumu katika chama cha kusaidia watoto cha Boston, na huko aliona jinsi watumishi wa chama walivyochunguza habari za kila mtoto, nyumba yake, wazazi wake na shule yake. Akajiuliza kwa nini hospitali isifanye vivyo hivyo. Mwaka 1905 alimwajiri muuguzi mmoja, Bi Garnet Pelton, awe mtumishi wa ustawi wa jamii hospitalini. Huko London hospitali moja, Royal Free, ilikuwa imeanza kazi inayofanana na hiyo mwaka 1895, lakini Marekani jambo hili lilikuwa geni. Bi Pelton alipewa meza katika pembe ya ukumbi wa wagonjwa wa nje, akaanza kuwatembelea wagonjwa majumbani mwao. Haukupita muda mrefu, yeye mwenyewe akashikwa na kifua kikuu, ikambidi aache. Nafasi yake ilichukuliwa na Bi Ida Cannon, ambaye aliiongoza idara hiyo mpaka mwaka 1945. Kwa miaka mingi hospitali haikutoa fedha kwa kazi hiyo. Daktari Cabot na rafiki zake ndio waliogharimia. Ni mwaka 1919 tu ndipo hospitali ilipoikubali rasmi kuwa sehemu ya huduma zake.

Tabia ya Daktari Cabot ya kutaka ukweli haikuanza katika kazi ya ustawi wa jamii. Ilianza katika udaktari wenyewe. Yeye hakupenda desturi ya matabibu ya kuwapa wagonjwa vidonge visivyo na dawa ili waridhike tu, akasema wazi kwamba huo ni udanganyifu. Zaidi ya hayo, alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliokufa hospitalini, akalinganisha ugonjwa ambao madaktari waliutaja wakati wa uhai wao na ule ulioonekana baada ya maiti kupasuliwa na kuchunguzwa. Mwaka 1910 alitoa matokeo ya maiti 1,000, na mwaka 1912 ya maiti 3,000. Magonjwa mengine, kama kisukari, madaktari waliyatambua sawasawa zaidi ya mara tisa katika kumi. Lakini ugonjwa wa ghafula wa figo waliutambua chini ya mara mbili katika kumi. Madaktari wenzake wengi walikasirika, hasa habari hizo zilipofika kwa watu wa kawaida. Yeye hakurudi nyuma. Alianzisha mikutano ya mafunzo ambamo daktari alielezwa dalili za mgonjwa fulani aliyekwisha kufa, akataja ugonjwa aliodhani, kisha mbele ya wote akaambiwa uliopatikana katika uchunguzi wa maiti. Mara nyingi aliyekosea mbele ya hadhara alikuwa ni Daktari Cabot mwenyewe, wala hakuona haya. Mikutano ya namna hiyo inaendelea katika hospitali nyingi za ulimwengu hata leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika Ufaransa katika hospitali ya jeshi la Marekani karibu na Bordeaux. Baada ya vita, mwaka 1920, Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa kiti cha uprofesa wa maadili ya jamii, akakishika mpaka mwaka 1934. Huko aliwafundisha vijana kwamba nia njema ni mwanzo wa wajibu, si mwisho wake.

Mwaka 1931 Daktari Cabot alikuwa rais wa mkutano mkuu wa taifa wa watumishi wa ustawi wa jamii wa Marekani, uliofanyika Minneapolis. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya uchumi, ambapo mamilioni ya watu hawakuwa na kazi na vyama vya msaada vililemewa. Watu walitazamia kwamba rais wao angewasifu na kuwatia moyo. Badala yake aliwataka wapime kazi yao. Aliwaeleza kwamba vyama vyao vinaandika idadi ya watu waliotembelewa na fedha zilizotumika, lakini havionyeshi kama watu hao wamepata nafuu kwa sababu ya msaada huo au kwa sababu nyingine. Akawaomba waweke alama za kufaulu na kushindwa kabla ya kuanza kazi, wazipime baada ya kumaliza, na watafute watu wa kulinganishwa nao. Hayo hayakuwa maneno mepesi kuyasikia, lakini yalitoka kwa mtu aliyekuwa ameyapima makosa yake mwenyewe kwanza.

Muda si mrefu akapata sababu ya kutenda aliyoyasema. Mwaka 1934 wataalamu wawili wa Harvard, Sheldon Glueck na mkewe Eleanor, walitoa kitabu juu ya wavulana 1,000 wa Boston waliopelekwa mahakamani na kushughulikiwa na wakuu. Katika miaka mitano baada ya kushughulikiwa, wavulana 88 katika kila 100 walikuwa wamerudia uhalifu. Daktari Cabot alihuzunika, akafikiri kwamba huenda msaada ulikuja umechelewa. Je, kama mtoto angepata mtu mzima wa kumpenda, kumshauri na kumsaidia yeye na jamaa zake kabla hajaharibika, asingeokoka? Aliamini kwamba angeokoka. Lakini hakutaka kuamini tu; alitaka kujua.

Mwaka huo huo wa 1934 mkewe Ella alifariki. Kwa fedha za mfuko uliopewa jina la mkewe, Daktari Cabot alianza mwaka 1935 kuandaa uchunguzi katika miji miwili iliyo karibu na Boston, Cambridge na Somerville. Walimu, makanisa, polisi na vyama vya msaada walileta majina ya wavulana wadogo wa mitaa ya maskini. Hawakuleta watundu peke yao, bali pia wale waliokuwa na mwenendo wa kawaida, ili mradi huo usije ukawapa watoto jina baya. Wavulana walipangwa wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, hali ya nyumbani, akili na tabia. Kisha sarafu ikarushwa juu. Mmoja akapata msaada, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake kama kawaida. Baadhi ya watu wataona kwamba jambo hilo ni la ukatili. Lakini fedha hazikuwatosha wote, na kura ya sarafu haijui upendeleo wala undugu.

Daktari Cabot alifariki mwezi wa Mei, 1939, mwaka ule ule kazi ya kuwasaidia wavulana hao ilipoanza. Wenzake waliiendeleza, na uongozi wa mfuko ukashikwa na Profesa Gordon Allport. Vita vilipochukua watumishi wengi, idadi ya wavulana ilipunguzwa, wakabaki 506, yaani 253 waliosaidiwa na 253 waliolinganishwa nao. Washauri waliwatembelea wavulana wao kama mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano na nusu. Wengi walifundishwa masomo waliyoshindwa, wengine walipelekwa kwa daktari, wengine kwenye kambi za likizo. Kazi ilikoma mwaka 1945.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1951 na Edwin Powers na Helen Witmer. Washauri waliamini kwamba wamewafaa wavulana wengi, na wavulana wengi walishukuru. Wengi wa wale waliosaidiwa hawakuwa wahalifu. Kama uchunguzi ungalikomea hapo, taarifa ya mwaka ingalijaa sifa. Lakini walipotazamwa wenzao waliokosa msaada, ilionekana kwamba nao wengi hawakuwa wahalifu, na idadi ya waliovunja sheria katika makundi yote mawili ilikaribia kuwa sawa.

Habari haikuishia hapo. Kwa kuwa majina na kumbukumbu zilihifadhiwa vizuri, mtaalamu Joan McCord aliwatafuta watu hao walipokuwa watu wazima, akatoa matokeo yake mwaka 1978, zaidi ya miaka 30 baada ya kazi kukoma. Theluthi mbili ya waliosaidiwa waliomjibu walisema kwamba msaada ule uliwafaa. Lakini hesabu ilisema mengine. Kati ya waliowahi kufanya kosa, waliosaidiwa walielekea zaidi kurudia. Walizidi pia kwa dalili za ulevi, kwa maradhi makali ya akili na kwa kufa mapema. Baadaye yeye na wenzake waliitazama tena hesabu hiyo, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba madhara yaliwaangukia hasa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Walieleza kwamba huenda huko wavulana wenye mwelekeo mbaya walikutana na kutiana moyo katika ubaya. Kitu kilichokusudiwa kuwa zawadi ndicho kilichowadhuru.

Basi, ndugu wanachama, tuseme kwamba Daktari Cabot alishindwa? Tumaini lake juu ya wavulana wale halikutimia. Lakini njia yake ilifaulu, kwa maana pasipo sarafu ile na kumbukumbu zile, kambi na ziara za namna hiyo zingalisifiwa na kuigwa bila mtu kujua. Wema hauozi, lakini wema usiochunguzwa unaweza kumdhuru yule unayetaka kumwokoa, naye asijue, akaendelea kukushukuru. Shukrani ya aliyesaidiwa ni jambo la heshima, si kipimo.

Kwa chama kama hiki liko funzo ambalo halihitaji profesa. Kwanza, kabla ya shilingi kutoka, kamati iandike ni jambo gani inataka kuona kwa mtoto au jamaa ile, na baada ya miaka mingapi. Pili, majina yahifadhiwe, na mtu fulani apewe kazi ya kuwatafuta watu hao wakati huo ukifika, hata kama viongozi wamebadilika. Tatu, karo inapowatosha nusu tu ya waombaji wanaolingana kwa shida, kura ipigwe mbele ya wote, kisha habari za waliopata na waliokosa ziandikwe pamoja. Nne, anayepima asiwe yule yule aliyetoa msaada, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na ikionekana kwamba msaada fulani haukufaa, jambo hilo liandikwe katika kitabu cha taarifa waziwazi kama yale yaliyofaa, ili fedha za wanachama zigeuziwe njia iliyo bora kabla mtoto mwingine hajapotezewa miaka yake.